Mtoto akisema "sitaki", tafuta sababu kabla ya kuleta sahani nyingine

Swali ninaloulizwa sana na wazazi ambao watoto wao ndo kwanza wameanza kemo, yaani zile dawa za kansa, siyo la nywele wala la sindano, ni la chakula. Nimpe nini? Ale nini apate nguvu? Na mara nyingi swali linakuja na orodha yake tayari, huyu kamwambia juisi ya hiki, yule kamwambia aache kile, mwingine katuma video ya mtu anayeapa kwamba kansa ukiinyima chakula inakufa yenyewe. Mimi siyo daktari, ni mama tu ambaye mwanangu alitibiwa leukemia, kansa ya damu, ile aina inayoitwa ALL ambayo ndo inaongoza kwa watoto, na matibabu yake ni ya miaka miwili na zaidi, kwa hiyo habari za sahani kurudi jikoni kama ilivyotoka nazijua mpaka basi.

Jibu langu huwa linawaudhi wengine maana halianzi na chakula. Naanza kwa kuuliza, kwa nini hali? Mtoto anayetibiwa kansa akisema sitaki anaweza kuwa na kichefuchefu, anaweza kuwa na vidonda mdomoni, tumbo limejaa hajapata choo siku ya nne, taya linauma, kila kitu kina ladha ya chuma, anaogopa atatapika tena mbele za watu, au kachoka tu hata kunyanyua kijiko ni kazi. Ukimtazama kwa nje yote yanafanana, mtoto kageukia ukutani. Lakini kila moja lina dawa yake na ukimbembeleza mwenye vidonda kwa maneno ya mwenye kichefuchefu mtashinda hapo mpaka chakula kipoe na wote wawili mmelia.

Nichukue vinkristini, moja ya dawa za kemo, maana karibu kila mtoto wa leukemia anakutana nayo na wa uvimbe wa figo vilevile. Hii dawa inagusa neva, yaani mishipa ya fahamu. Mwanangu kipindi cha mwanzo alikuwa anaomba mkate, unampa, anaung'ata, anauacha mdomoni, alafu anautema mkononi anakupa. Kila mtu wodini ana maoni yake, huyu anasema anadeka, huyu anasema akaripiwe kidogo. Nesi mmoja mtu mzima akaja kubadilisha dripu, akamtazama, akaweka vidole vyake viwili chini ya masikio ya mtoto akabonyeza taratibu, akamuuliza, "Baba, hapa panauma?" Akaitikia kwa kichwa. "Na huku?" Akaitikia. Akanigeukia, "Mama, huyu njaa anayo, taya ndo linakataa. Mpe vitu vya kumeza wiki hii." Tukahamia mayai ya kuvuruga laini, viazi vya kuponda, supu nzito, na akala, kwa sababu njaa alikuwa nayo siku zote.

Neva hizohizo ndo zinazosukuma utumbo, kwa hiyo vinkristini inalaza utumbo pia, na hapa ndo kuna kichekesho kisichochekesha: ondansetroni, dawa nzuri kabisa ya kuzuia kutapika, nayo inafunga choo. Sasa mtoto anapata zote mbili. Tumbo linakuwa gumu, anashiba kwa vijiko viwili, wewe unahesabu vijiko na kukata tamaa kumbe tatizo liko upande wa pili. Siku hizi nikimsikia mzazi anasema hali, swali langu la kwanza ni amepata choo lini, wengine wanaona naingilia mambo lakini nusu ya kesi zinaishia hapohapo. Mwambie daktari mapema akuandikie dawa ya kulainisha, nyingi zinaanzwa kabla choo hakijawa kigumu. Na tafadhali usimwingize kitu chochote njia ya haja kubwa, si sabuni si bomba, kinga ikiwa chini mchubuko mdogo pale unaweza kuingiza bakteria kwenye damu.

Vidonda vya mdomoni ni habari nyingine. Metotreksati, dawa nyingine ya kemo, ni bingwa wa hivi, na haviji siku ya dawa, vinakuja siku kadhaa baadaye wakati mko nyumbani mmeshajiachia mkidhani safari hii imepita salama. Utando wa mdomo na utumbo unajitengeneza upya kila mara, na kemo inapiga seli zinazogawanyika haraka bila kuchagua nzuri na mbaya, kwa hiyo utando unachubuka kuanzia mdomoni mpaka chini. Mtoto anaanza kudondosha mate maana kumeza hata mate yake ni maumivu. Hapo machungwa, nyanya, chumvi nyingi na pilipili weka mbali, vitu vya baridi na laini ndo vinapita, mtindi, maziwa ya baridi, aiskrimu, na mrija unasaidia kukwepa kidonda. Ila kikubwa zaidi ni dawa ya maumivu KABLA ya kula, siyo baada ya kulia. Omba hospitali wakupe mpango wa dawa hiyo, usijiamulie mwenyewe, maana parasetamoli inaweza kuficha homa ambayo ilitakiwa ikukimbize hospitali, na ibuprofeni na aspirini zinachezea damu kuganda kwa mtoto ambaye tayari chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, ziko chini. Mswaki uwe laini, asukutue kwa maji ya chumvi kidogo au waliyokupa wao, kila baada ya kula.

Ladha ya chuma sina mengi, kijiko cha plastiki badala ya cha chuma, chakula kisiwe cha moto sana ili harufu isipande, basi.

Sasa kuna jambo moja natamani kila mzazi aambiwe siku ya kwanza kabisa kabla hata ya kuonyeshwa kitanda. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani anayeitwa Ilene Bernstein alichapisha kwenye jarida la Science utafiti wake juu ya watoto waliokuwa kwenye kemo. Aliwapa baadhi yao aiskrimu yenye ladha wasiyoizoea muda mfupi kabla ya dawa ya kuchafua tumbo. Walipokuja kupimwa baadaye, wale wa aiskrimu na dawa waliikataa kuliko wale ambao hawakuipata, au walioila bila dawa ya namna hiyo. Mwili umeshaunganisha, hiki ndo kimenitapisha. Na haisaidii kumweleza mtoto kwamba kilichokutapisha ni dawa, hata mtu mzima anayejua kabisa ni dawa tumbo lake halisikilizi maelezo. Miaka michache baadaye, 1987, yeye na mwenzake wakajaribu kitu kingine, wakawapa watoto pipi ya ladha kali ya ajabuajabu katikati ya mlo na dawa, na ile pipi ikabeba lawama, chakula cha kawaida kikasalimika zaidi.

Nikiwaza hilo namkumbuka mama tuliyekuwa naye kitanda cha jirani, mwanamke mwenye upendo jamani, kila siku ya dawa alikuwa anakuja na kuku wa kukaanga kwa sababu binti yake alikuwa anampenda kupita kiasi na siku ile ndo siku ngumu kwa hiyo apate kitu cha kumfurahisha. Nia safi. Binti kamaliza matibabu zamani, mzima, anasoma, na kuku hagusi mpaka leo, akisikia harufu tu anatoka jikoni. Kwetu tukaweka sheria kinyume chake, siku ya dawa vitu anavyovipenda havitoki kabatini. Anakula kidogo cha kawaida saa kadhaa kabla, alafu karibu na dawa anapewa pipi fulani ya mnanaa kali ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa anaitaka, hiyo tukaitoa kafara. Mpaka leo akiiona ile pipi anakunja uso na mimi roho yangu nyeupe kabisa, mayai yake anakula.

Alafu inakuja wiki ya steroidi na yote niliyoandika juu unayasahau. Deksamethasoni au prednisoloni, mtoto anageuka. Anaamka saa tisa usiku anataka viazi vya chumvi, siyo anaomba, anataka, na akimaliza anauliza kesho asubuhi tunakula nini, anakaa mezani anasubiri mchana kuanzia saa tatu. Ndugu wakija wanashangilia, aah kanenepa, amepona! Uso umekuwa duara, tumbo mbele. Mtazame miguu sasa. Mapaja yamekwisha, kupanda ngazi anashika ukuta, kuinuka chini mpaka asaidiwe. Steroidi inaongeza mafuta na maji huku inakula misuli, kwa hiyo uzito unapanda na mtoto anadhoofika palepale. Ndiyo maana kipindi hicho mimi sikumnyima, maana njaa ile ni ya dawa na kumkatalia ni kumtesa bure, ila nilikuwa nahakikisha kilicho karibu ni mayai ya kuchemsha, maharage, samaki, mtindi, yaani protini, na chumvi naibana taratibu kwa sababu dawa hiyohiyo inapandisha presha. Soda na juisi za kopo pia nilizipunguza, steroidi inapandisha sukari kwenye damu, na ikiwa yuko na asparaginazi, dawa nyingine ya leukemia, wakati huohuo inapanda zaidi. Anakunywa maji hamalizi kiu na anakojoa kila saa? Waambie siku hiyohiyo. Na asparaginazi inaweza kuvimbisha kongosho, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo ya juu pamoja na kutapika usiyaite gesi.

Hili la mizani kudanganya ni pana kuliko steroidi. Mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni, kama ule wa figo unaoitwa Wilms, anaweza kuwa na uzito mzuri kwenye kadi kumbe kilo nzima au zaidi ni uvimbe. Aliyevimba maji, hivyohivyo. Ndo maana utaona wanampima mkono kwa ule mkanda wa rangi, mzunguko wa mkono wa juu, pale hapana uvimbe wala maji mengi, panaonyesha misuli na mafuta yake halisi. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Kama hospitali wanapima kilo tu, omba na mkono upimwe, ni mkanda wa karatasi tu haumalizi dakika.

Mbona nasumbuka hivi na misuli? Kwa sababu lishe siyo pambo la matibabu. Mtoto aliyekonda anashikwa na maambukizi kirahisi, vidonda havifungi, mwili unashindwa kuitoa dawa kwa kasi ya kawaida kwa hiyo madhara yanakuwa makali, kemo inaahirishwa wiki hii na wiki ijayo, na ratiba ikivunjikavunjika ugonjwa unapata nafasi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watoto na vijana 400,000 wanapata kansa kila mwaka, na kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona wakati nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya 30. Sababu ziko nyingi, kuchelewa kugundulika, dawa kukosekana, watu kuacha matibabu katikati, lakini na huu ukondefu umo humo ndani na ni kati ya vitu vinavyoweza kufanyiwa kazi hata leo mchana.

Njia tuliyokuwa tunatumia nyumbani ni kuongeza nguvu bila kuongeza wingi. Mtoto anayeweza vijiko sita hawezi kumi na mbili, basi hivyo sita viwe na kazi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 na ukikichanganya kwenye uji au viazi vya kuponda hakionekani. Maziwa ya unga ndani ya maziwa ya maji. Siagi ya karanga kwenye uji, yai linavurugwa ndani ya supu inayochemka mpaka liive. Kidogo kidogo kila saa mbili, siyo milo mitatu ya kukaa mezani kama mtihani. Na kunywa kuwe mbali kidogo na kula, tumbo likijaa maji chakula kinakosa nafasi. Kama alikuwa amekonda sana muda mrefu, hapo usianze kumjaza mwenyewe kwa furaha kwamba leo anakula, mwili uliozoea njaa ukishtushwa na chakula kingi, fosfati na potasiamu kwenye damu vinaporomoka na moyo unaweza kuyumba, hilo linafanywa hospitali taratibu huku wanapima damu.

Sasa zile video. Ya sukari kulisha kansa: ni kweli seli nyingi za kansa zinakula sukari nyingi, Otto Warburg aliligundua hilo miaka ya 1920. Lakini ukimnyima mtoto vyakula vya wanga mwili unachukua misuli yake unaigeuza sukari, seli za kansa zinaendelea kupata, anayekosa ni mtoto. Ya kwamba kinga ikishuka asiguse tunda wala kachumbari: kuna utafiti wa mwaka 2018 wa watoto 150, nusu walipewa masharti makali ya chakula juu ya usafi, nusu usafi wa kawaida tu, na maambukizi yakawa asilimia 35 kwa 33, yaani hakuna tofauti, ila wenye masharti waliona kazi kuyafuata. Sisi tulibaki na nawa mikono, osha tunda vizuri umenye, nyama na yai viive, maziwa yachemshwe, kiporo kisikae nje. Sikiliza wodi yako, wako wanaokaza zaidi na wana sababu zao, hasa mtoto akipandikizwa uboho. Ya vitamini za chupa: onyesha chupa kwa daktari kwanza, asidi ya foliki kwa mfano ndo kitu hichohicho ambacho metotreksati imetumwa kukizuia. Mitishamba pia, na balungi, uliza kwanza. Na kwa wale wa merkaptopurini, dawa ya leukemia ya kumeza, mnaobishana kama inywewe na maziwa au la, utafiti uliotoka 2017 haukuona kwamba maziwa au chakula vinaongeza kansa kurudi, kinachoumiza ni kuruka dozi, kwa hiyo muulize daktari wako kama unaweza kumpa muda ule ambao anakubali kuimeza, na kama ni na chakula basi na chakula.

Nimeacha mpira wa puani mwisho kwa sababu ndo unaoogopwa zaidi. Ule mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Wazazi wengi wakiusikia wanasikia kwamba mtoto ameshindikana, na baba yake mwanangu alikataa kata kata, akasema nitamlisha mwenyewe kwa mkono. Akamlisha. Saa nzima kwa kikombe nusu cha uji, mtoto analia, yeye anabembeleza, alafu vyote vinatoka kwenye beseni na dawa ya asubuhi ikiwemo. Mtaalamu wa lishe akamwambia maneno ambayo yalimlainisha, "Baba, mpira ukiwepo wewe hutakuwa tena mtu wa kijiko, utarudi kuwa baba yake." Ukawekwa. Kuwekwa hakupendezi sitawadanganya, anakohoa, machozi yanatoka, kama dakika hivi, alafu anazoea. Kila mara kabla ya kupitisha kitu wanavuta majimaji kidogo wanapima na karatasi kuhakikisha ncha iko tumboni haijaingia mapafuni, nasi tukafundishwa. Dawa chungu zote zikapita humo. Usiku mashine inatiririsha maziwa maalumu polepole akiwa amelala na kichwa kimeinuliwa, mchana anakula anachotaka au hali, na hakuna anayehesabu vijiko. Ajabu ni kwamba baada ya kama wiki ndo alianza kuomba chakula mwenyewe, kwa sababu kula hakukuwa vita tena.

Kuuweka kuna muda wake, mdomo ukishachubuka wote au chembe sahani zikiwa chini sana kuupitisha kunaweza kutoa damu, ndo maana nawaambia watu waulize mapema wakati mtoto bado ana unafuu, wasisubiri mpaka amelegea. Ukitapikwa ukatoka, usiurudishe mwenyewe kama hujafundishwa. Na kwa wale ambao watauhitaji miezi mingi kuna wa tumboni moja kwa moja, usoni hauonekani, watoto wakubwa wanaoona aibu shuleni wengi wanaupenda huo.

Kila kliniki nilikuwa naenda na daftari, nimeandika alichokula, choo lini, ametapika saa ngapi baada ya dawa gani, mdomo ukoje. Daktari akiuliza anakula? hutakiwi kujibu "kidogo", kidogo ya kwako na ya kwake ni vitu viwili. Na yafuatayo usiyapeleke jikoni kabisa, yapeleke hospitali hata kama ni usiku wa manane: joto kufika 38, kutapika kila kitu mpaka maji, kuharisha kusikokatika, damu kwenye choo au matapishi, kutokojoa tangu asubuhi, au mtoto amelegea haamki vizuri.